Hasimu Humkopesha Hasimu, na Gemu Zinapaswa Kutuonyesha Sababu

Tangu Football Manager 26, gemu ya kompyuta ambamo mchezaji huwa meneja wa klabu ya soka, iingie sokoni tarehe 4 Novemba 2025, lalamiko moja la zamani nimelisikia tena, safari hii likisemwa kwa uchungu zaidi. Toleo la mwaka uliotangulia lilifutwa Februari 2025 kabla halijatoka, hivyo wapenzi wa gemu hii walisubiri miaka miwili kamili, na waliposikia kwamba toleo jipya lina leseni rasmi ya Ligi Kuu ya Uingereza walitarajia uhalisia wa kila kitu, kuanzia nembo na jezi hadi namna viongozi wa klabu wanavyofikiri. Lalamiko lenyewe ni kwamba katika gemu za umeneja klabu zinazoendeshwa na kompyuta humkopesha mpinzani wao mchezaji mzuri, yaani humwachia amtumie kwa muda huku zenyewe zikibaki wamiliki wake, na kwamba hakuna kiongozi mwenye akili timamu anayeweza kufanya hivyo katika soka la kweli. Kwa maoni yangu lalamiko hili limekosea shabaha. Mikopo ya wachezaji kati ya mahasimu ipo, ni ya kawaida, na mingine ni ya ajabu kuliko chochote ambacho kompyuta imewahi kukibuni. Kisicho halisi ndani ya gemu ni kwamba mikopo hiyo hutokea bila sababu inayoonekana, bila masharti yenye uzito na bila matokeo yanayoendelea kuwaandama waliohusika. Watengenezaji wakiitikia kilio hiki kwa kuweka katazo la jumla, gemu itazidi kuwa mbali na uwanja.

Tuanze na siku ya mwisho ya usajili, tarehe 30 Agosti 2024. Raheem Sterling, mwenye mkataba mrefu Chelsea na mshahara mkubwa, alikuwa ameachwa nje ya kikosi cha mechi ya kwanza ya msimu dhidi ya Manchester City. Kocha mpya, Enzo Maresca, alikwishaweka wazi kwamba hayumo katika mipango yake, na jezi namba 7 aliyokuwa akiivaa ilikuwa imekwenda kwa Pedro Neto. Dirisha lilipokaribia kufungwa, Arsenal, waliokuwa wamemaliza wa pili misimu miwili mfululizo, wakamchukua kwa mkopo wa msimu mzima, na kwa mujibu wa taarifa za wakati ule Chelsea waliendelea kubeba sehemu kubwa ya mshahara wake. Ni klabu mbili za jiji moja, zinazowania nafasi zilezile za juu, na mmoja anamlipa mchezaji ili amchezee mwenzake. Mtu angeliona jambo hili ndani ya gemu angepiga picha kioo cha kompyuta yake na kuisambaza kama ushahidi wa kasoro. Kumbe hesabu ya Chelsea ilieleweka vizuri: mchezaji ambaye kocha hamtaki, ambaye hakupata mnunuzi, na ambaye kila wiki analipwa akiwa jukwaani, ni mzigo, na yeyote anayekubali kubeba hata sehemu ya mzigo huo saa chache kabla ya dirisha kufungwa anakaribishwa. Sterling alimaliza msimu na bao moja tu, dhidi ya Bolton katika Kombe la Ligi. Arsenal walimaliza wa pili wakiwa na pointi 74, Chelsea wa nne wakiwa na pointi 69.

Hapa ndipo penye mzizi wa kutoelewana kote. Gemu humpima mchezaji kwa namba, na namba hizo, hata zikifichwa kidogo, ni za kweli ndani ya dunia ya gemu: ukiona umaliziaji ni 16 kati ya 20, basi ni 16 popote atakapokwenda. Kwa hiyo kumkopesha mpinzani mchezaji wa kiwango hicho kunafanana na kumpa zawadi. Katika soka la kweli hakuna aliyejua Sterling wa msimu ule alikuwa na thamani gani. Chelsea waliamini ameshuka, Arsenal waliamini kwamba kocha wao, Mikel Arteta, aliyewahi kufanya naye kazi Manchester City, angemwamsha, na mkopo ukawa njia ya pande mbili zenye imani tofauti kukubaliana bila mmoja kumlazimisha mwenzake akubali bei. Pasipo shaka juu ya thamani ya mchezaji, mikopo mingi ya namna hii isingekuwapo. Gemu inayojua kila kitu inashindwa kuonyesha kwa nini watu wenye akili hukopeshana, na ndiyo maana mkopo ule ule ambao gazetini tunauona wa kawaida, kwenye kioo tunauona wa kipuuzi.

Sheria zenyewe zinathibitisha kwamba jambo hili limekuwapo kwa muda mrefu, kwa sababu sheria haitungwi kuzuia kisichotokea. Tarehe 29 Februari 2004, Lomana LuaLua, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekuwa Portsmouth kwa mkopo kutoka Newcastle, aliisawazishia Portsmouth dakika ya 89 dhidi ya Newcastle hiyohiyo iliyokuwa ikimmiliki. Baada ya tukio lile Ligi Kuu ya Uingereza ilifunga mlango, na hadi leo mchezaji wa mkopo haruhusiwi kucheza dhidi ya klabu inayommiliki katika ligi hiyo. Klabu inaruhusiwa pia kuwa na wachezaji wawili tu wa mkopo kutoka klabu nyingine za ligi hiyo kwa wakati mmoja. Ulaya, msimamo ni kinyume chake: mwaka 2014, Atlético Madrid na Chelsea zilipokutana nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, UEFA ilitamka kwamba kipengele chochote kinachomzuia mchezaji kucheza, au kinachodai malipo ili acheze, hakina nguvu, na Thibaut Courtois, mali ya Chelsea, akasimama langoni mwa Atlético katika mechi zote mbili na kufuzu fainali. Nayo FIFA, kuanzia Julai 2022, ilianza kupunguza idadi ya mikopo ya kimataifa hatua kwa hatua, kutoka wachezaji 8 kuingia na 8 kutoka hadi 6 na 6 kuanzia Julai 2024, isipokuwa vijana na waliolelewa na klabu yenyewe. Kanuni za aina hii kompyuta huzimudu vizuri, kwa kuwa kanuni ni hesabu. Tatizo la gemu haliko kwenye sheria.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile inayosema kwamba ukimkopesha mpinzani wako umejidhuru, basi. Hoja hii inaiona ligi kama ugomvi wa watu wawili, ilhali ligi ina klabu 20. Chukua msimu wa 2013-14. Chelsea walimkopesha Romelu Lukaku kwa Everton, klabu ambayo nayo ilikuwa ikiwania nafasi za juu na ambayo msimu ule ilimaliza ya tano. Lukaku alifunga mabao 15 ya ligi. Kwa kanuni tuliyoitaja hakuweza kuigusa Chelsea, lakini aliweza kuwagusa wengine wote. Tarehe 23 Novemba 2013 alifunga mawili katika sare ya 3-3 dhidi ya Liverpool. Aprili iliyofuata alifunga tena Everton ilipoichapa Arsenal 3-0. Mwisho wa msimu Manchester City walitwaa ubingwa kwa pointi 86, Liverpool wakabaki na 84, Chelsea 82. Sare ile ya Goodison, uwanja wa Everton wakati ule, iliinyang'anya Liverpool pointi mbili, na pointi mbili ndizo zilizowatenganisha na mabingwa. Sisemi kwamba Chelsea walipanga yote haya. Kwa kweli wengi waliona kuwa walikosea kumwachia mshambuliaji huku wenyewe wakihangaika kupata mabao, na nadhani waliona sawasawa. Ninachosema ni kwamba kwa klabu inayowania ubingwa, kumweka mshambuliaji hatari katika timu iliyo ngazi moja chini ya wawania ubingwa, timu itakayokutana mara mbili na kila mpinzani wako wa kweli lakini bila mchezaji huyo ikikutana nawe, ni uamuzi wenye mantiki. Klabu ya kompyuta inayokataa mkopo kwa sababu tu jina la mwombaji limo katika orodha ya mahasimu wake haijapiga hesabu hii. Nayo ile inayokubali, haijapiga pia. Imekubali kwa kuwa mchezaji ameandikwa kuwa wa ziada.

Manchester City walifanya jambo linalokaribiana na hilo kwa Emmanuel Adebayor msimu wa 2011-12. Tottenham walimpata kwa mkopo, akawafungia mabao 17 ya ligi, na tarehe 22 Januari 2012, City waliposhinda 3-2 dhidi ya Tottenham kwa penalti ya dakika za nyongeza, mshambuliaji hodari wa wageni hakuwa uwanjani kwa sababu wenyeji ndio waliokuwa wakimmiliki. Msimu ule City walitwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao.

Upande wa pili una hoja nzito, na si haki kuipuuza. Ipo milango ambayo kweli imefungwa. Tangu Phil Chisnall ahame kutoka Manchester United kwenda Liverpool mwaka 1964, klabu hizo mbili hazijauziana mchezaji moja kwa moja. Majira ya joto ya 2007 beki wa United, Gabriel Heinze, alitaka kuvuka daraja hilo. Alikuwa na barua ya klabu iliyoruhusu aondoke kwa bei maalumu, lakini United walishikilia kwamba ruhusa ile haikuihusu Liverpool, shauri likafika mbele ya jopo la Ligi Kuu, United wakashinda, na Heinze akaishia Real Madrid. Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa sana juu ya jambo hili. Clatous Chama alipovaa jezi ya Yanga mwaka 2024 baada ya miaka ya kuwa kipenzi cha Simba, alikwenda akiwa huru, na hata hivyo mji ulitikisika. Fikiria kelele zake kama uongozi wa Simba ungekuwa umetia saini karatasi ya kumkopesha. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba gemu inayoruhusu mkopo kati ya watani wa jadi imekosea, katika mifano ya namna hii yuko sahihi kabisa.

Lakini tuangalie kinachofuata kutokana na mifano hiyo. United, ambao hawakuweza kumwachia beki aende Liverpool, ndio waliomkopesha Jadon Sancho kwa Chelsea msimu wa 2024-25, kisha Aston Villa msimu uliofuata. Uhasama si swichi ya kuwasha na kuzima. Upo uhasama wa damu na historia, ambao bei haiwezi kuuvuka. Upo uhasama wa mji, ambao mara nyingi ni wa mashabiki zaidi kuliko wa wakurugenzi. Na upo uhasama wa jedwali, unaozaliwa Agosti na kufa Mei, kati ya klabu ambazo miaka mitatu iliyopita hazikuwa na habari kubwa ya kusemeana. Gemu nyingi zina orodha ya mahasimu wa kila klabu, na hiyo ni hatua nzuri. Kinachotakiwa ni orodha hiyo iongee na meza ya mazungumzo: uhasama wa aina ya kwanza ufunge mlango, wa pili upandishe bei na kuleta hasira za mashabiki, wa tatu ubadilike kadiri msimu unavyosonga, kiasi kwamba klabu iliyokuwa tayari kukukopesha Agosti ikatae katakata Januari kwa sababu sasa mnapumuliana kwenye shingo.

Ipo pia hoja ya wapenzi wa gemu wanaojali ushindani zaidi ya uhalisia. Wao wanasema binadamu ni mjanja kuliko kompyuta, na kwamba kila mlango wa mikopo utakaoachwa wazi utatumiwa kuiibia. Nawaelewa. Katika gemu moja ambayo sitaitaja, nikiwa nafasi ya pili mwezi Januari, niliomba beki wa kati kutoka kwa kinara wa ligi, nikijua naomba mzaha. Ujumbe wa jibu ulikuwa mstari mmoja: ombi limekubaliwa. Nikafungua mkataba kuusoma. Asilimia 60 ya mshahara inalipwa na wao, hakuna haki ya kumrudisha kabla ya Mei, na kisanduku cha kumruhusu acheze dhidi ya klabu inayommiliki kilikuwa kimewekwa alama ya ndiyo. Hakukuwa na ugomvi na kocha wao, hakukuwa na beki mpya aliyesajiliwa juu yake, hakukuwa na shida ya fedha niliyoweza kuiona. Nilifungua ukurasa wa habari za klabu yao siku ile na siku iliyofuata: kimya, hakuna shabiki aliyenung'unika. Niliutwaa ubingwa ule, na sikuwa na furaha nao. Hata hivyo sikutamani kwamba ombi langu lingekataliwa na kanuni fulani iliyofichwa. Nilitamani wangenikatalia kwa sababu zao, au wangekubali kwa sababu zao, na mimi nizijue sababu hizo kama ambavyo tulizijua za Sterling: kocha mpya, jezi iliyogawiwa, saa zinazoyoyoma.

Sehemu ambayo gemu ziko nyuma kuliko zote ni masharti ya mkataba yanavyobadili tabia ya watu. Sharti la kununua, yaani kipengele kinachoilazimu klabu iliyokopa imnunue mchezaji, kwa mfano, katika gemu ni ada inayosubiri mwisho wa msimu. Katika maisha ni mkono unaoingia hadi benchi la ufundi. Antoine Griezmann alirudi Atlético Madrid mwaka 2021 kwa mkopo kutoka Barcelona, mpinzani wao wa moja kwa moja katika La Liga, na mkataba ule, kwa jinsi ulivyoripotiwa, uliitaka Atlético ilipe euro milioni 40 iwapo angecheza angalau dakika 45 katika nusu ya mechi alizokuwa tayari kucheza. Msimu wa 2022-23 ulipoanza, Ulaya nzima ilishuhudia mshambuliaji bingwa wa dunia akipasha misuli pembeni ya uwanja, akitazama saa kubwa ya uwanjani ikipita dakika ya 60, kisha ndipo anaitwa. Mechi baada ya mechi, dakika ya 62, ya 63, ya 64. Kocha alikuwa akipanga timu akiwa ameshikwa mkono na mhasibu, hadi Oktoba 2022 klabu hizo zilipokubaliana bei ndogo na mchezaji akaanza tena tangu dakika ya kwanza.

Hadithi ya Harvey Elliott inafanana nayo na ni ya karibuni zaidi. Tarehe 1 Septemba 2025 alitoka Liverpool kwenda Aston Villa kwa mkopo uliobeba sharti la kununuliwa kwa bei iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 35 mara atakapofikisha mechi 10. Akacheza mechi chache, kisha akakaa nje kwa wiki nyingi akiwa mzima wa afya. Na kwa kuwa kanuni za FIFA kwa kawaida humruhusu mchezaji kuchezea klabu mbili tu katika mechi rasmi za msimu mmoja, na Elliott alikwishacheza mechi ya Liverpool mwezi Agosti, hakuwa na pa kwenda kirahisi. Kijana wa miaka 22, aliyekuwa ametoka tu kuibuka mchezaji bora wa michuano ya Ulaya ya vijana chini ya miaka 21, akawa mateka wa namba 10. Chelsea nao, waliomchukua Sancho kwa sharti la kumnunua, waliamua kulipa faini ya pauni milioni 5 na kumrudisha Manchester, ingawa alikuwa amewafungia katika fainali ya Ligi ya Mikutano ya Ulaya (Conference League) dhidi ya Real Betis. Katika gemu nilizocheza kwa miaka mingi sijawahi kuona klabu ya kompyuta ikimficha mchezaji ili kukwepa sharti, wala ikilipa ili kujitoa. Huo ndio uhalisia unaokosekana, na ni mkubwa kuliko swali la kama mkopo ungeruhusiwa au la.

Suala hili lina uzito kwa sababu gemu za umeneja zimekuwa, kwa vijana wengi, darasa la kwanza la biashara ya soka. Nimekaa vijiweni Dar es Salaam nikawasikia vijana ambao hawajawahi kuona mkataba wa mchezaji wakieleza vizuri haki ya kumrudisha mchezaji, mgawanyo wa mshahara na sharti la kununua, na wote waliyajifunza kwenye kompyuta. Vijana haohao, klabu kubwa ya ligi yetu inapompeleka mchezaji kwa mkopo katika klabu ndogo ya ligi hiyohiyo, ndio wanaouliza kama atacheza dhidi ya waliomtuma, na kama timu ile ndogo bado ni mpinzani kamili siku hiyo. Ni swali zuri, na ndilo ambalo klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikuwa zikilizunguka Novemba 2023, zilipopigia kura pendekezo la kuzuia kwa muda mikopo kati ya klabu zenye mmiliki mmoja: 13 ziliunga mkono, na zilihitajika 14. Gemu inayomfundisha kijana kwamba mkopo kwa mpinzani ni upumbavu itamfanya asiione hatari halisi iko wapi, kwa sababu hatari imo katika nani anamlipa mchezaji, nani anaamua acheze lini, na nani ana haki ya kumwita nyumbani.

Leseni imeleta majina, nembo na jezi sahihi, na hilo ni jambo jema. Kazi iliyobaki ni ya vichwa vya watu waliomo ndani ya klabu zile. Toleo lijalo nitalipima kwa jambo moja: nitamkopa mshambuliaji kutoka klabu inayonifuata kwenye jedwali, nitatia saini sharti la kumnunua akifikisha idadi fulani ya mechi, kisha nitamwacha benchi. Nataka nione kama klabu iliyonikopesha itanipigia simu, kama mchezaji atabisha hodi ofisini kwangu, kama bodi itaniambia niendelee kumficha, na kama mashabiki watalitaja jina lake ifikapo dakika ya 60.